Kilima cha Seneta Long

Mwaka 1970, ndani ya Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani, Seneta John Williams wa Delaware alileta chati. Serikali ya Rais Nixon ilitaka kila familia yenye watoto ihakikishiwe kipato cha msingi: dola 1,600 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne isiyo na kitu. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshaupitisha mpango huo mwezi Aprili. Chati za Williams zilichukua mji mmoja mmoja na kumjumlishia mama asiye na mume kila anachopewa: fedha taslimu, stempu za chakula (msaada wa serikali wa kununulia chakula), nyumba ya serikali, matibabu. Kisha zikauliza: mshahara wake ukiongezeka, anabaki na nini mkononi?

Kuna hatua ambazo alibaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho kabla ya nyongeza.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Russell Long, Mdemokrati wa Louisiana. Aliurudisha mpango serikalini ukarekebishwe, ukarekebishwa, na hatimaye ukafia mikononi mwa kamati yake. Miaka mitano baadaye Long huyohuyo akawa baba wa mpango mwingine, unafuu wa kodi uitwao EITC, ambao leo huingiza fedha katika kaya za mamilioni ya Wamarekani wenye ujira mdogo kila mwaka, zikiwemo kaya nyingi za Waswahili wenzetu walioko Louisville, Dallas na Columbus.

Swali linalonisumbua kwa wiki kadhaa sasa ni hili: mtu aliyeuzika mpango mmoja kwa sababu ya chati zile, ilikuwaje akazaa mwingine ambao ukiuchorea chati leo, unakuta mteremko wa aina ileile?

Mtoto wa Huey

Long hakuwa adui wa matumizi ya serikali. Baba yake, Huey Long, ndiye aliyetikisa siasa za Marekani mwaka 1934 kwa kampeni ya kugawana utajiri, akauawa kwa risasi Baton Rouge mwaka uliofuata. Mtoto aliingia Seneti mwaka 1948 na kukaa hadi 1987. Kati ya 1966 na 1981, sheria ya kodi au ya hifadhi ya jamii isiyompendeza yeye haikufika mbali.

Imani yake ukiibana inakaa katika sentensi moja: anayefanya kazi asaidiwe, asiyefanya asipewe. Wazee, walemavu na vipofu aliwatetea vizuri. Mama mwenye watoto wadogo asiye na kazi, hasa mama mweusi, hakupata huruma hiyo. Mwaka 1967 akina mama wa vyama vya kutetea haki za wapokea misaada walikwenda kwenye kamati yake na kugoma kuondoka. Long aliwaita kwa jina la wanyama jike wanaofugwa ili wazae, rangi yao ikitajwa mbele kabisa. Alisema pia kwamba kama wana muda wa kuandamana, wana muda wa kuokota takataka.

Wapo wanaosimulia historia ya mpango huu wakaliruka tukio hilo, kama vile ni ukorofi wa mzee ambao hauhusiani na hesabu. Mimi naona unahusiana. Kusini ya Marekani ya wakati ule ilitegemea watu wa kufua, kupika na kuvuna kwa ujira wa chini mno. Kipato kisichodai kazi kingewapa watu hao uwezo wa kusema hapana. Kipato kinachodai kazi kinawaacha palepale walipo, kikiwaongezea kidogo.

Ni sera mbili tofauti kabisa, hata kama dola zinazotoka hazina ni zilezile.

Asilimia kumi ilitoka wapi

Kuanzia 1972 Long alikuwa akisukuma kitu alichokiita bonasi ya kazi. Seneti ilikubali zaidi ya mara moja, Baraza la Wawakilishi likagoma. Mlango ulifunguka mwaka 1975, uchumi ulipokuwa umedorora na kila mtu akitafuta njia ya haraka ya kuweka fedha mifukoni mwa wananchi. Rais Ford alitia saini tarehe 29 Machi 1975. Ulikuwa unafuu wa mwaka mmoja tu; ukaongezewa muda, na mwaka 1978 ukafanywa wa kudumu. Jina lake ni unafuu wa kodi kwa kipato cha kazi, na kila mtu anaufahamu kwa herufi zake: EITC.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa nyepesi. Asilimia 10 ya mshahara hadi dola 4,000, yaani dola 400 kwa ukubwa wake. Ukipita dola 4,000, unapungua senti 10 kwa kila dola, na ukifika 8,000 umekwisha. Kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa dola 2.10 kwa saa. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima alipata dola 4,368. Kwa hiyo kilele kiliwekwa karibu kabisa na mfanyakazi wa kima cha chini.

Na kwa nini 10? Mfanyakazi alikatwa asilimia 5.85 ya hifadhi ya jamii kuanzia dola ya kwanza, hata kama hadaiwi kodi ya mapato. Mwajiri alilipa 5.85 nyingine, ambayo wachumi wengi huihesabu kuwa ni mshahara ambao mfanyakazi hakuwahi kuuona. Jumla ni 11.7. Asilimia 10 inakaribia kumrudishia alichokatwa. Hoja hiyo ya Long ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri.

Jambo jipya lilikuwa malipo yenyewe. Mfanyakazi wa Kenya anaujua unafuu wa Sh 2,400 kwa mwezi kwenye hati yake ya mshahara: unafuta kodi, na ukizidi kodi inayodaiwa, ziada inapotea hewani. Unafuu wa Long ulipozidi kodi, hazina iliandika hundi kwa tofauti iliyobaki.

Kitu kimoja kilibadilika njiani, na wengi hawakijui. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limependekeza asilimia 5 kwa wafanyakazi wote wa kipato cha chini, wenye watoto na wasio nao. Seneti ikapandisha hadi 10 na kuwatoa wasio na watoto. Uamuzi huo wa 1975 unawauma watu hadi leo, nitaufikia.

Kupanda, kutambaa, kushuka

Mpango ulipanuliwa mwaka 1986 chini ya Reagan, 1990 chini ya Bush, na 1993 chini ya Clinton. Umbo lilibaki karibu lilelile, ila kileleni palikuwa pameshaongezwa tambarare: unapanda, unatambaa juu, unashuka. Kwa mapato ya mwaka 2024 kilima cha mzazi asiye na mwenzi, mwenye watoto wawili, kilikuwa hivi. Kwa kila dola anayopata anaongezewa senti 40, hadi mshahara wa dola 17,400. Hapo amefika kileleni, dola 6,960. Anabaki juu mpaka mshahara wa 22,720. Kuanzia hapo anapoteza senti 21 kwa kila dola, na kwenye dola 55,768 hana kitu.

Chukua mama anayelipwa dola 15 kwa saa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, saa 40, wiki 52: dola 31,200. Unafuu wake ni takriban dola 5,174. Hizo ni karibu miezi miwili ya mshahara kabla ya makato.

Sasa bosi anampandisha hadi dola 16.

Kwa mwaka ni dola 2,080 zaidi. Unafuu unashuka kwa dola 438. Makato ya hifadhi ya jamii na bima ya wazee, asilimia 7.65, yanachukua 159. Kodi ya mapato ya serikali kuu, asilimia 10 kwenye ngazi yake, inachukua 208. Amebaki na 1,275. Kama bado anapata stempu za chakula, fomula yake hupunguza takriban senti 24 kwa kila dola ya mshahara: kwanza asilimia 20 ya mshahara haihesabiwi, halafu asilimia 30 ya inayobaki inahesabiwa kuwa anaweza kuinunulia chakula mwenyewe. Hiyo ni 499 nyingine. Katika nyongeza ya dola 2,080 anashika kama 776, na kodi ya jimbo bado haijagusa. Kama anakaa kwenye nyumba yenye ruzuku, pango nalo linapanda.

Hapa ndipo chati za Williams zinaporudi. Kasoro haiko kwenye mpango wa Long peke yake. Mteremko wake hauna ukali huo ukiusimamisha pekee. Tatizo ni kwamba kila programu ilitungwa na kamati yake, na kila kamati iliweka mteremko wake kwenye eneo lilelile la mshahara, kati ya dola 20,000 na 50,000, bila kuuliza jirani ameweka wapi. Long aliijua hatari hiyo kuliko mbunge yeyote wa zama zake. Alichagua kuuondoa mteremko kwa maskini kabisa, anayeanza kazi, na kuusogeza kwa yule aliyeshapata kazi na anataka kupanda.

Nimejaribu kumtetea hapa, na kwa sehemu nafaulu. Ukitaka msaada uwe mkubwa chini na usiwafikie wenye nacho, ni lazima ushuke mahali fulani. Ukiulaza mteremko, unaongeza watu wanaolipwa na gharama inapanda. Ukiusimamisha, unawabana wachache kwa nguvu. Hesabu haina huruma na mwanasiasa yeyote.

Baba mwenye watoto wanne Nyarugusu

Kosa ninaloliona halisameheki liko kwa asiye na watoto. Mtu mmoja anayefanya kazi muda wote kwa kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hupata 15,080 kwa mwaka. Mwaka 2024 alikatwa dola 1,154 za hifadhi ya jamii na bima ya wazee, na dola 48 za kodi ya mapato. Unafuu wake? Dola 269. Kilele cha kundi lake kilikuwa dola 632, nacho alikipita kabla hajafikisha mshahara wa 10,400. Lazima pia awe na umri wa miaka 25 hadi 64.

Hoja ya Long ya kurudisha makato haimhusu mtu huyu, ingawa amekatwa kwa kiwango kilekile.

Na neno "watoto" katika sheria lina mipaka ambayo ndugu zetu wengi wanaikuta wakiwa wameshafika. Mtoto anahesabika kama ameishi na mlipakodi zaidi ya nusu mwaka, ndani ya Marekani. Mkongomani aliyepewa makazi Kentucky, anayesimama usiku kucha kwenye ghala na kutuma fedha kila mwezi kwa watoto wanne walioko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisheria hana mtoto hata mmoja kwa ajili ya unafuu huu. Mwaka 2024 aliingia kundi la dola 632, na kwa ujira wa dola 15 kwa saa alikuwa ameshavuka ukomo wake wa 18,591 zamani. Hapati kitu.

Mwaka 2021 kundi hili liliongezewa kwa mwaka mmoja: kilele dola 1,502, umri kuanzia 19. Mwaka ukaisha na nyongeza ikaisha nayo.

Fedha ya Februari

Aliyeko huko na anastahili, mambo yanayokwamisha ni machache na yanajirudia kila mwaka.

Mwajiri anatakiwa kutoa fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, ifikapo tarehe 31 Januari. Ukijaza ritani kwa hati ya mwisho ya mshahara kabla W-2 haijaja, tarakimu zisipolingana marejesho yanasimamishwa. Mlipakodi, mwenzi wake kama wanajaza pamoja, na kila mtoto anayehesabiwa wanahitaji namba ya hifadhi ya jamii inayoruhusu kazi. Namba ya ITIN, ile ya kulipia kodi wanayopewa wasio na namba ya hifadhi ya jamii, haitoshi, hata kama mtu amelipa kodi miaka kumi. Wanandoa wanaojaza kila mmoja kivyake kwa kawaida hawapati. Fedha hazitoki kabla ya katikati ya Februari hata ukijaza mapema vipi. Hiyo ni sheria ya 2015, kwa hiyo anayekuahidi fedha yote ya serikali tarehe 25 Januari kwa kawaida anakukopesha, na mkopo una masharti yake.

Kosa linalowaponza wengi ni mtoto mmoja kuandikwa na watu wawili. Katika nyumba zetu mtoto hulelewa na mama, shangazi na bibi chini ya paa moja, na kila mmoja ana haki ya kusema "ni wangu". Mamlaka ya kodi haielewi hivyo. Mzazi anamshinda asiye mzazi. Wazazi wawili wasiojaza pamoja, anashinda aliyekaa na mtoto siku nyingi zaidi, na zikilingana, mwenye kipato kikubwa. Kaeni mezani mkubaliane kabla ya kujaza. Weka barua ya shule au ya kliniki yenye jina la mtoto na anuani yenu, kwa sababu ukikaguliwa hicho ndicho kinachoombwa. Ukionekana umedai kwa uzembe wa makusudi, unafungiwa miaka miwili. Kwa udanganyifu, miaka kumi. Hata dai likikataliwa bila adhabu hiyo, kwa kawaida kurudi kunahitaji fomu 8862.

Anayeendesha teksi za programu za simu naye anastahili, lakini kinachohesabiwa ni faida baada ya gharama, na atalipa asilimia 15.3 ya kujiajiri, kwa hiyo asishangae marejesho yakiwa madogo. Vituo vya VITA, vya watu wanaojitolea chini ya mamlaka ya kodi, hujaza ritani bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Kulipa mtu dola 400 akubofyee vitufe ni hasara tupu. Na kama ulistahili ukaacha kudai, kwa kawaida una miaka mitatu ya kurudi nyuma.

Kwa nini fedha hii ije mara moja kwa mwaka, wakati pango linadaiwa kila mwezi? Ilijaribiwa. Kuanzia 1979 mfanyakazi aliweza kuomba sehemu yake ndani ya mshahara, kupitia mwajiri. Walioomba walikuwa wachache mno, na utaratibu ukafutwa mwishoni mwa 2010. Sababu zinaeleweka: ilibidi umkabidhi bosi fomu inayomweleza hali ya nyumbani kwako, na saa za kazi zikiongezeka katikati ya mwaka, ungejikuta unadaiwa na serikali mwezi Aprili.

Nani anashika dola hiyo?

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Unafuu unawavuta watu wengi zaidi kwenye kazi za ujira mdogo. Ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini watu wakiongezeka mlangoni, mwajiri halazimiki kupandisha mshahara ili awapate. Kwa hiyo sehemu ya fedha ya hazina inaishia kwa mwajiri, kwa njia ya mshahara ambao haukupanda. Wachumi wanabishana ni sehemu kubwa kiasi gani. Kwamba ipo, ubishi ni mdogo. Anayeumia zaidi ni yule asiye na watoto tuliyemtaja: anashindania kazi ileile, kwa mshahara ulioshikiliwa chini, bila unafuu wa kumfidia.

Mwaka 2018 Seneta Bernie Sanders na mbunge Ro Khanna walikuja na jibu kutoka upande wa pili. Kampuni yenye wafanyakazi 500 au zaidi itozwe kodi inayolingana na misaada ya serikali wanayopokea wafanyakazi wake: stempu za chakula, matibabu, pango, chakula cha watoto shuleni. Kama siasa, lilipiga kelele vizuri. Ndani ya wiki chache Amazon ilitangaza dola 15 kwa saa kuanzia tarehe 1 Novemba. Kama sheria lilikuwa baya. Mwajiri angekwepa kumwajiri mama mwenye watoto watatu, kwa kuwa ndiye mwenye gharama. Muswada haukupita, na nafurahi.

Lakini swali la Sanders lilibaki. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge, aliyoiomba yeye mwenyewe na kutolewa mwaka 2020, ilikuta kwamba kati ya watu wazima wenye mshahara waliokuwa kwenye stempu za chakula au bima ya matibabu ya maskini, takriban asilimia 70 walikuwa wakifanya kazi muda kamili.

Muda kamili! Anayefanya kazi asaidiwe, alisema Long. Hawa wanafanya kazi.

Kinachozuia dola kuvuja kwenda kwa mwajiri ni sakafu: kima cha chini kinachosema mshahara hautashuka hapa, hata watu wajae mlangoni. Sakafu ya serikali kuu imesimama kwenye dola 7.25 tangu Julai 2009. Machi 2021 jaribio la Sanders la kuipeleka 15 lilipata kura 42 dhidi ya 58 Seneti. Majimbo mengi yamepanda yenyewe, lakini Texas na Kentucky, ambako Waswahili ni wengi, bado ziko 7.25. Louisiana ya Long haina kabisa sheria ya jimbo ya kima cha chini. Unafuu hupanda na bei kila mwaka, kwa sababu sheria ya 1986 iliufunga na mfumuko wa bei. Sakafu hakuna aliyeifunga na chochote. Kwa hiyo kila mwaka bei zinapopanda, vipimo vya unafuu vinapanda nazo, na mshahara wa 7.25 unasinyaa.

Ningekuwa na kura, ningeanza na hiyo sakafu: ifungwe na mfumuko wa bei kama unafuu ulivyofungwa. Cha pili, asiye na watoto arudishiwe angalau asilimia 15.3, yake na ya mwajiri, kama ilivyokuwa 2021. Mteremko wa wenye watoto ningeugusa mwisho, tena baada ya watu wa stempu za chakula na wa pango kukaa chumba kimoja na watu wa kodi na kuchora chati moja.